Somo Yake Zamda

Sogeeni, na mwenye haraka ya kujibu auume ulimi kwanza, maana kisa hiki mimi mwenyewe kimenishinda.

Katika mji mmoja wa pwani walikuwako watu watatu. Bi Tatu, msusi wa mikeka, alikuwa na visa. Akianza kusimulia, chai hupoa vikombeni na hakuna anayejali. Lakini kuandika hakujui, hata jina lake.

Maalim Msabaha, mwalimu wa chuo cha Kurani, alikuwa na mkono. Akiandika habari ya mvua, unatafuta pa kujikinga. Lakini kisa cha kwake hakuwa nacho hata kimoja. Maisha yake yote yalikuwa chuoni, msikitini na nyumbani.

Wa tatu, Zamda Kheri, fundi cherehani, hakuwa na visa wala mkono. Yeye alikuwa haogopi mtu, basi.

Bi Tatu alimsimulia Maalim jinsi wakwe zake walivyotaka kumtoa nyumbani alipofiwa na mume, naye akakaa juu ya sanduku lake mlangoni siku tatu, hatoki wala harudi ndani, mpaka wakachoka wao. Maalim akaandika mwaka mzima, kama mwanamke anayejisimulia mwenyewe. Kikawa kitabu. Likabaki jina la mtunzi.

"Langu msiliweke," alisema Bi Tatu. "Wakwe zangu watanila nyama."

"Wala langu," alisema Maalim. "Wazazi watawatoa watoto chuoni."

Zamda alikuwa akimpima Bi Tatu gauni. Akatoa pini mdomoni. "Wekeni langu. Jina tu hilo, litanifanya nini?"

Likamfanya. Wateja wakahamia kwa mafundi wengine. Siku moja harusini, wifi yake Bi Tatu alimkabili Zamda mbele ya watu, akamuuliza kama ndiye aliyeandika upuuzi ule. Bi Tatu alikuwapo, akainamia sahani yake ya pilau. Zamda akajibu, "Ndimi," akamwagiwa mchuzi kifuani.

Sasa, mji wa mbali, mwanamke aitwaye Mchanga alikuwa amelazwa hospitali miezi minne, kakatazwa kuinuka. Mimba mbili zilikwisha kumharibikia, na hii ya tatu alikuwa akiiogopa hata kuitaja. Kitabu kile alikisoma mara tano. Akajifungua salama, mtoto wa kike, akamwita Zamda. Kisha akamtumia mtunzi barua:

"Kwetu mtoto hatoki nje mpaka siku ya arobaini, na anayemvusha kizingiti ni somo yake, yule aliyepewa jina lake. Somo ni mmoja tu. Ndiye mtoto atakayemkimbilia maisha yake yote akikosana na mimi. Nakungoja, dada yangu."

Maalim aliwasomea wenzake. Wakakubaliana aende Zamda peke yake, mambo yasiharibike. Siku ya safari wakakutana kituo cha basi wote watatu, kila mmoja na kifurushi cha nguo za mtoto. Wakapanda basi moja.

Siku ya arobaini Mchanga aliwapokea mlangoni, mtoto mikononi. Alipoambiwa ukweli akasema, "Mimi kilichonishikilia kitandani ni yule mwanamke juu ya sanduku. Kila nilipotaka kukata tamaa nilimwambia, 'Zamda, nami sitoki.' Nilikuwa nikimwita nani?"

"Ulikuwa ukiniita mimi," alisema Bi Tatu. "Sanduku ni langu, na siku tatu zile nimezikaa mimi. Jina langu halijaandikwa popote, mwanangu. Maisha yangu ndiyo yameandikwa."

"Mimi nilipewa habari ya sanduku kwa pumzi moja," alisema Maalim. "Maneno uliyoyashika kitandani niliyahangaikia mwezi mzima. Mwaka ule nilikuwa mwanamke yule. Hata leo mtu akiita Zamda njiani, mimi nageuka."

Bibi yake mtoto akaguna nyuma ya pazia: "Somo mwenye ndevu!"

Zamda alisema mwisho. "Sikukaa juu ya sanduku, wala sikuandika neno. Lakini mji ulipouliza nani mwenye kitabu, hawa wawili walikuwa na vinywa. Jina mlilompa mtoto nilipewa na mama yangu, na nimelilipia. Wao walilikimbia."

Bi Tatu akalia waziwazi. Maalim akatazama viatu vyake. Hakuna aliyesema uongo, na hakuna aliyerudi nyuma.

Mtoto akaanza kulalamika. Mchanga akaja mpaka kizingitini, akanyoosha mikono na mtoto juu yake. Mbele yake ikanyooshwa mikono sita.

Mimi nimewaacha hapo hapo mlangoni. Haya, wewe uliyeuma ulimi, uachie sasa: ungekuwa Mchanga, ungemkabidhi nani mwanao?