Marais Watatu wa Nchi Isiyokuwepo

Ndugu zangu, kaeni vizuri. Leo nawapeleka mbali kidogo, halafu nitawarudisha hapa hapa kwenye mabenchi yetu.

Kulikuwa na nchi moja huko kusini-mashariki mwa Asia, nchi ya mpunga na mito mipana, yenye bendera yake, wimbo wake na ikulu yenye ngazi za mawe meupe. Leo ukiitafuta kwenye ramani huioni. Lakini kabla haijafutika, ilitawaliwa na watu watatu, mmoja baada ya mwingine. Wa kwanza alikuwa mwalimu wa shule, mtu mpole wa miwani mizito. Wa pili alikuwa jenerali, na cheo chake cha ujenerali alivikwa na mwalimu huyo huyo, kwa mkono wake. Asubuhi moja jenerali akaizingira ikulu kwa vifaru, akamtoa mwalimu na nguo zake za kulalia, akampandisha ndege. Kiti akakikalia yeye. Haikutimia miaka minne, naibu wake, aliyemwamini kuliko ndugu wa tumbo moja, naye akamfanyia vile vile. Huyo wa tatu alikaa miezi mitano tu. Jeshi la nchi jirani likaingia, bendera ikashushwa, nchi ikamezwa. Kwisha.

Basi, kila mmoja kwa njia yake, wote watatu wakaangukia katika mji mmoja wa ugenini, mji wa baridi kali, ambako watu hutembea wameinamisha vichwa. Mimi nataka tumfuate jenerali.

Alikaa na mkewe ghorofa ya tatu, vyumba viwili. Majirani walimwita Mchina, na hakuwa Mchina. Mwanzoni alikuwa akiwasahihisha, anawatajia nchi yake. Wanamwuliza, "Iko wapi hiyo?" Atasema iko wapi? Mwisho akaacha, akawa anaitikia hilo la Mchina. Lugha yake akawa anaisema na mtu mmoja tu duniani, mkewe.

Mke alikuwa haishi kumwambia, "Mwalimu anakaa nyuma ya stesheni ya treni. Nenda kamwone."

"Nikamwambie nini?"

"Kwamba ulimkosea."

"Akinifukuza je?"

"Si na wewe ulimfukuza? Mtakuwa sawa."

Jenerali hucheka kidogo, halafu halizungumzi tena. Mwezi unapita. Mwaka unapita.

Siku ya mwaka mpya wa kwao, mlango ukagongwa. Alikuwa yule wa tatu, naibu. Alikuwa amepata kazi ya kufagia hospitali, mikono imempasuka kwa dawa za kusafishia. Akavua kofia.

"Shikamoo, mzee. Nimekuja kukutakia heri ya mwaka."

Jenerali akasimama mlangoni, hakumpisha. "Unamsalimia nani? Sema, 'Mheshimiwa Rais.' Ulininyang'anya kiti, utaanza kwa kukiri hapo."

Naibu akamtazama, machozi yakimlengalenga. "Mzee wangu, kiti kipi? Hata nchi yenyewe haipo."

Jenerali akafunga mlango. Akasikia hatua za mtu zikishuka ngazi moja moja, polepole, kama za mtu anayengoja kuitwa. Hakumwita. Mkewe alikuwa jikoni, na siku hiyo hakusema naye mpaka jioni.

Miaka miwili baadaye mke akafa. Mazishini walikuja watu watatu wa jengo lile, watu wema. Aliyeongoza maziko alilitamka jina la marehemu vibaya. Akalitamka vibaya mara ya pili. Mara ya tatu jenerali akainua mkono amsahihishe, akaushusha. Katika watu wote pale kaburini, ni yeye peke yake aliyejua kwamba anayezikwa ametajwa kwa jina lisilo lake.

Baada ya hapo ukaja ukimya. Mmewahi kuishi na ukimya wa namna hiyo? Unaacha redio iseme kutwa nzima lugha usiyoipenda, mradi tu nyumba isikie sauti ya mtu. Kisha asubuhi moja, akiwa anachemsha mchele, akalitafuta neno. Kwao wana neno la ile harufu ya shamba la mpunga siku maji yanapoingia mara ya kwanza. Mkewe alipenda kulisema. Akalitafuta, hakuliona. Akazunguka chumba kizima, kana kwamba neno huangukia chini ya meza. Hakulipata, na hakuwa na wa kumwuliza.

Hapo ndipo jenerali alipoogopa. Mtu aliyewahi kusimama mbele ya vifaru, ndugu zangu, aliogopa kwa sababu ya neno moja.

Akavaa koti lake, akaenda nyuma ya stesheni. Njiani alikuwa akijaribu maneno: nilikukosea, mwalimu, nilikukosea, baba. Alipofika akabisha hodi. Akafungua mama mmoja mnene, mwenye nyumba.

"Namtafuta mwalimu."

"Tumemzika wiki tatu zilizopita," mama akasema. Kisha akamkazia macho. "Wewe ndiye jenerali?"

"Umenijuaje?"

"Kila Jumapili alipanda basi kuja mtaani kwenu. Anasimama ng'ambo ya barabara, anatazama madirisha ya ghorofa ya tatu, kisha anarudi. Mara moja nilimsindikiza, maana barabara ilikuwa na barafu. Nikamwuliza, mbona hubishi hodi? Akasema, 'Aliyekosa ni yeye. Aanze yeye.'"

"Alifanya hivyo kwa muda gani?"

"Miaka tisa."

Jenerali akashika nguzo ya mlango.  Akatoka, akaenda moja kwa moja hospitali kumtafuta naibu. Wakamwambia yule mfagiaji aliacha kazi tangu majira ya joto, akahamia mji mwingine, anwani hakuacha. Akarudi nyumbani, akakaa kitini na koti lake mwilini mpaka kukapambazuka.

Aliishi miaka sita zaidi. Majirani wanasema alikuwa mzee mkimya. Mimi nasema hakuwa mkimya. Hakuwa na wa kusema naye.

Sasa turudi kwetu, na naona baadhi yenu mmeanza kuangalia chini.

Sisi tulikuwa na kanisa la zamani, mnalikumbuka. Tulilibomoa, huu ni mwaka wa saba, na mabati yake tumeezekea banda la kuku la mchungaji. Lakini humu ndani wako wazee wawili, majina sitaji, ambao hawasalimiani mpaka leo kwa ajili ya uenyekiti wa kamati ya kulikarabati kanisa lile. Uenyekiti wa nini, wazee wangu? Wa banda la kuku?

Wako ndugu wawili waliogombania shamba la marehemu baba yao. Barabara ya lami imepita juu ya shamba lote, malori yanakanyaga ugomvi wenu usiku na mchana, na nyinyi bado mmenuniana.

Na wewe uliyekosewa, usijifiche nyuma ya mwenzako. Mwalimu alikuwa na haki, kweli. Alisimama na haki yake kwenye baridi miaka tisa, akafa nayo. Ilimfaa nini? Tunakaa kila mtu kwake, tunamngoja mwenzetu aanze, tukidhani atakuwepo siku zote.

Ibada inakwisha saa tano. Nyumba yake unaijua, mlango wake unaujua. Usipitie kwako kwanza. Nenda.