Jembe la Mfalme Lugendo

Zilipakana nchi mbili, Mlimani na Bondeni. Kila masika, watu wa Bondeni wakiwa mashambani wakilima mpunga, Mfalme Lugendo wa Mlimani alishuka na baraza lake zima, akajikaribisha kwao, akala mpaka mvua zilipokatika. Nani angethubutu kumpa mfalme jembe?

Mwaka mmoja alimwambia Bi Sikudhani, jumbe wa Bondeni: "Nimechoka kuwa mgeni. Tuunganishe nchi. Mpaka ufutwe, ghala liwe moja. Ukikataa, mikuki yangu itakuja kukubembeleza."

"Nani akatae neema, Mfalme? Kwa hiyo hapa mtakuwa wenyeji?"

"Wenyeji kamili!"

"Na mila zetu mtazifuata?"

Lugendo alicheka. Mila za wakulima zingemfanya nini? "Zote, wallahi, hata mimi mwenyewe!" Akaapa mbele ya umma.

Masika yaliyofuata alishuka tumbo tupu. Hakukuta mkeka wala sinia. Alikuta majembe yamepangwa, lake likiwa na mpini mpya.

"Ndiyo nini hii?"

"Mila, Mfalme. Mwenyeji wa Bondeni hali asicholima."

Lugendo aliutazama umma uliosikia kiapo chake, akanuna. Siku mbili alilala na njaa, harufu ya wali wa nazi ikimpita puani. Siku ya tatu akafoka: "Muungano basi! Sisi ni wageni, tupakulieni!"

Bi Sikudhani akamsogezea jembe lile lile.

"Mgeni siku mbili, Mfalme. Leo ya tatu."