Gongo la Bi Buku na Mkia wa Ngiri

Mtungi, mtungi!
— Tokota!
Una nini tumboni?
— Kweli ya jana na uongo wa leo!
Nimimine?
— Mimina, lakini onja wewe kwanza!

Nimekwisha onja, na macho bado yanaona. Haya, sogeeni.

Hapo kale, na kale yenyewe si mbali sana kwa sababu mikorosho ilikuwa imekwisha kuota, huko kusini aliishi panya mkubwa mwenye mkia mrefu kuliko kiwiliwili, ncha yake nyeupe. Aliitwa Bi Buku. Mumewe alikuwa ameondoka kwenda kutafuta maisha, na inaelekea maisha ndiyo yaliyompata yeye, maana hakurudi. Bi Buku akabaki na watoto sita ambao hata macho walikuwa hawajafumbua, shimo moja safi chini ya mkorosho, na kazi moja aliyoijua kuliko mnyama yeyote wa bonde lile: kupika gongo la mabibo.

Mabibo mnayajua. Korosho ikishang'olewa, hubaki lile tunda jekundu au la njano, maji tele, ukakasi wa kukunja ulimi. Wenzake waliyala mawili matatu, mengine wakayaacha yaoze. Bi Buku aliyaokota yote. Akayakamua, kamu, kamu, kamu. Maji yake akayatia mtungini yachachuke siku saba, pwi, pwi, pwi. Hapo huitwa uraka. Siku ya nane aliuteleka mtungi kwenye jiko lake la shimo, alilolichimba nje, hatua tatu kutoka mlangoni. Akauziba mdomo kwa udongo, akaacha tundu la mwanzi tu. Mwanzi ukapita ndani ya gogo lenye maji baridi, na kwenye ncha yake kitu kiangavu kama chozi kikawa kinadondoka: to! to! to!

Na desturi ya bonde ilikuwa moja. Mpishi huonja kwanza, mbele ya macho ya watu, ndipo wengine wanywe. Huko ndiko kutoa sumu. Si kwamba kuna aliyemshuku Bi Buku. Walishukiana wote tu, kwa adabu.

Sasa mwaka huo, mawingu ya kwanza yalipoanza kujikusanya, akaja Ngiri.

Ngiri ana meno, ana shingo, ana mabega, lakini hachimbi. Husubiri mwenzake achimbe. Mwaka juzi alihamia kwa Muhanga. Mwaka jana alihamia kwa Nungunungu. Na Ngiri akiingia shimoni huingia kinyumenyume, matako mbele, ili meno yake yabaki mlangoni. Alichokikuta ndani hakiulizi hali. Alijiita Mlezi wa Mikorosho, ingawa hakuna aliyewahi kumwona akipanda hata mmoja.

"Hodi! Ngrrm!"

"Karibu, Mzee Ngiri. Shikamoo."

"Marahaba. Shimo lako hili nimelipenda."

"Ahsante, Mzee."

"Sijalisifu. Nimelipenda."

Bi Buku akaelewa. 

"Na wanangu, Mzee? Wako sita, hata macho hawajafumbua."

"Vizuri. Basi hawataona wanakokwenda."

Bi Buku akatazama juu. Mwewe alikuwa akizunguka, hana haraka, kama mtu aliyealikwa. Kuwatoa watoto sita vipofu, mmoja mmoja, kwenye uwanda ule? Hapana. Akatazama mtungi wake.

"Sawa, Mzee. Mwenye nguvu mpishe. Ila nina uraka hapa, leo siku ya tano. Mtungi ukisogezwa sasa, kazi yote imeharibika. Niache nimalize kupika, ndipo nihame."

Ngiri akanusa mtungi. Mate yakamdondoka, to, to. Hapo hapo akaanza kumshuku.

"Kwa nini unataka kumaliza?"

"Ili gongo lipatikane."

"La nani?"

"Lako, Mzee, ukitaka."

"Ngrrm! Mbona unanipa upesi hivyo? Mimi si mtoto wa juzi. Neno lako lina mkia, na mkia wake nitauona." Akalala karibu na mtungi. "Nitakaa hapa hapa. Shimo langu, gongo langu, nawe nakuangalia."

Akakaa. Akaangalia. Bi Buku akikusanya kuni, Ngiri huuliza kwa nini. Akijikuna, Ngiri huuliza kwa nini. Bi Buku mwenyewe alikuwa ametunga uongo mzuri kabisa wa kumfukuzia: shimo lina nyoka koboko, shimo hujaa maji, shimo lina pepo wa bibi yake. Alikuwa akisubiri nafasi tu ya kuanza na koboko.

Lakini mara akamwona Ngiri ameingiza pua mtungini.

"Usinywe, Mzee!" akasema, na safari hii hakuwa na hila yoyote. Alikuwa akiulilia uraka wake. "Huo bado mchanga. Uraka wa siku tano huendesha tumbo."

"Ngrrm! Mimi si mtoto wa juzi. Neno lako lina mkia. Ungekuwa mbaya, ungenikaribisha!"

Akanywa. Gu, gu, gu. Akanywa hadi nusu ya mtungi. Akajipangusa, akacheka, akanyamaza. Tumbo likasema, brrrr. Likasema tena, brrrr-prrr! Ngiri akakimbilia kichakani na mkia wake ukining'inia nyuma, maana zamani hizo mkia wa Ngiri ulikuwa ukining'inia kama wa ng'ombe. Siku mbili nzima kazi yake ilikuwa ni kwenda na kurudi.

Jirani yao Kanga, ambaye hupita kila nyumba kuhakikisha kwamba hapiti bure, akaja mbio.

"Shoga, umemlisha nini yule?"

"Sijamlisha. Nilimkataza."

"Ulimwambia kweli?"

"Kweli."

"Kweli tupu?"

"Tupu, shoga. Haikuwa hata na chumvi."

Kanga akamtazama kwa jicho la kulia, akageuka, akamtazama kwa la kushoto. "Mimi hata kweli yako naiogopa," akasema.

Bi Buku akakuna masharubu. Akauchukua uongo wake wote, wa koboko, wa maji na wa pepo, akaufungia. Uongo ungemponza. Mtu anayeshuku kila neno, ukimwambia uongo, atapita kando yake na kuangukia kweli.

Siku ya nane ikafika. Uraka uliobaki ukatelekwa. Moto ukashika, mtungi ukaguna, maji baridi yakamiminwa kwenye gogo. Ngiri, amekonda mashavu lakini macho makali, akaketi mbele ya ncha ya mwanzi. Kanga naye akaja na korosho zake za kuchoma chini ya bawa, kama anayepita tu.

To! Tone la kwanza. To! La pili.

Bi Buku akakinga kwa kifuu kidogo. Kifuu kilipojaa hakukionja. Akakiinua akimwage.

"We! Unakwenda wapi na hicho?"

"Namwaga, Mzee. Haya ni maji ya kwanza, hayanywewi. Yanakata macho. Yanayokuja nyuma yake ndiyo gongo lenyewe, na ya mwisho kabisa ni mepesi, ya kuchulia mgongo."

"Onja kwanza nikuone."

"Siwezi kuonja, Mzee, na sitaonja. Ni mabaya."

Ngiri akafumba jicho moja. Mawazo yakaanza kumzunguka kichwani kama inzi. Ya kwanza siku zote ni ya mkubwa. Hivyo ndivyo ilivyo kwenye nyama, kwenye kiti, kwenye mlango. Sasa iweje kwenye gongo, ya kwanza imwagwe? Na mpishi huonja daima. Huyu hataki kuonja. Kwa hiyo anataka mimi niogope. Kwa hiyo anakwenda kumwaga mahali anapopajua yeye, ndani ya kibuyu alichokificha yeye.

"Mzee," akasema Bi Buku kwa sauti ya kusikiwa na jirani, "nakwambia mbele ya Kanga. Usinywe."

"Nimesikia," akasema Kanga. "Shahidi mimi."

"Mmepanga! Ngrrm! Mimi si mtoto wa juzi. Neno lako lina mkia!"

Akampokonya kifuu. Bi Buku akaushika ukingo kwa kucha zake zote. Hakutaka maiti mlangoni mwake. Maiti ya Ngiri ni nzito, na mikono ya Bi Buku ni midogo. Wakavutana, nusu ikamwagika mchangani, nusu ikaingia kinywani mwa Ngiri. Gu!

Ngiri akakunja uso. Akafumba macho, akayafumbua. Dunia ikamjia na ukungu. Kanga mmoja akawa wawili, wote wawili wakitafuna korosho.

"Tamu," akasema Ngiri, machozi yakimtiririka. Mkaidi hulia na kusifu.

Bi Buku akaendelea na kazi yake. Yaliyofuata akayakinga kwenye kibuyu. Akachovya jani kavu, akalitia moto: mwali wa buluu, mtulivu, hauna moshi. Hilo ndilo gongo. Harufu ya bibo lililoiva ikatanda uwanjani mpaka Kanga akafumba macho yote mawili kwa wakati mmoja, jambo ambalo halifanyi hovyo. Kisha matone yakapungua, Bi Buku akautua mtungi kando, akayafukia makaa kwa jivu kama afanyavyo kila mpishi ili moto ulale usife.

Na hapo mbingu zikapiga, gudugudu! Tone la mvua likamwangukia Ngiri puani.

"Mvua!" akasema. Akasimama, akayumba. "Nahamia sasa hivi. Gongo nitalinywea ndani."

Akageuza matako. Akaangalia nyuma kwa yale macho yake ya ukungu, akaona duara mbili nyeusi chini, hatua tatu kati yake. Pua nayo ilikuwa imejaa mvuke wa gongo, haitofautishi jivu na udongo.

"We Buku! Nyumba ni ipi hapa?"

 Ndani ya shimo watoto walisikia radi, wakaanza: nyii, nyii, nyii. Matako ya Ngiri yalikuwa mapana kama jiwe la kusagia, na yalikuwa yakisubiri jibu.

Akisema jiko ndiyo nyumba, Ngiri hatasadiki, ataingia kwa watoto. Akinyamaza, Ngiri atachagua mwenyewe. Lilibaki neno moja tu la kusema, na neno hilo hakuna mama anayelisema.

Akanyoosha kucha moja.

"Hili la huku kwenye mkorosho," akasema, na ulimi wake ukatetemeka kwelikweli, "ndiyo nyumba yangu. Wanangu sita wamo humo ndani. Hilo lingine ni jiko, Mzee, lina makaa ya moto. Usiingie huko. Utaungua."

 Hata Kanga aliacha kutafuna.

Ngiri akasogeza matako kuelekea kwa watoto. Hatua moja. Nyii, nyii, nyii.  Ngiri akasimama.

"Unatetemeka," akasema taratibu.

"Natetemeka, Mzee."

"Mama gani anayemwonyesha adui walipo watoto wake?"

"Sijui, Mzee. Mimi nimesema kweli."

"Ha!" Ngiri akacheka hadi meno yakagongana. "Ngrrm! Ngrrm! Sasa nimeuona! Mimi si mtoto wa juzi! Unanielekeza kwenye nyoka wako anayelia nyii nyii, ili nyumba yenyewe, iliyo safi, yenye joto lake, uniachishe. Neno lako lina mkia, Buku, na leo mkia nimeukamata!"

Akageuka. Akapima. Akajirusha kinyumenyume, kwa uzito wake wote, matako mbele, ndani ya jiko.

Chwiiiiiiii!

Jivu likapanda hadi kwenye matawi. Ngiri akatoka kama mshale, na mkia wake ulikuwa umesimama wima, umenyooka kama mti wa bendera, maana kila alipojaribu kuushusha uligusa palipoungua. Akakata uwanja, akakata mikorosho, akakata bonde, mkia juu, mkia juu, mkia juu. Hata leo mkimwona Ngiri anakimbia, tazameni mkia. Kidonda kilipona zamani. Ni mazoea tu.

Muhanga alimkuta mbali huko, amekaa kwenye tope, anahema.

"Nani kakufanyia hivi, Mzee?"

"Buku! Kanidanganya!"

"Kakwambia nini?"

  Ngiri akafikiri sana.

"Kaniambia kweli," akasema. "Mara tatu."

Hakurudi tena. Shimo ambalo mwenyewe anakwambia kweli ni shimo la hatari.

Uwanjani mvua ikaanza kunyesha hasa. Bi Buku aliingia ndani, akahesabu: mmoja, wawili, watatu, wanne, watano, sita. Akahesabu tena. Kisha akatoka na kile kibuyu, akakaa na Kanga chini ya tawi nene. Gongo la mabibo halinywewi kwa pupa. Humiminwa kwenye kifuniko cha kibuyu, kidogo hivi. Kwanza unalinusa, unatafuna korosho moja, unasema "bismillahi" au "ole wangu" kulingana na malezi yako, ndipo unatia ulimini na kuacha lishuke lenyewe.

"Karibu, shoga," akasema Bi Buku.

Kanga akakitazama kifuniko kwa jicho la kulia. Akakitazama kwa la kushoto.

"Onja wewe kwanza," akasema.

Bi Buku akaonja. Akameza. Akatabasamu.

"Onja tena," akasema Kanga.

Basi funzo la ngano hii, wanangu, ni hili: msiseme uongo hata siku moja. Uongo hugunduliwa haraka. Semeni kweli, kweli tupu, na muiseme mbele ya shahidi. Hakuna hila inayofika mbali kama hiyo. Na msimshuku mtu, kushuku ni tabia mbaya, imemuunguza Ngiri. Ingawa, tukisema haki, Ngiri alishuku sawasawa. Na gongo msiliguse. Ni baya sana. Nawaambia kweli.

Mtungi umekauka, mwanzi umenyamaza. Aliyeonja ameonja, mwenye kiu bado, mabibo yako chini ya mti.