Fisi Amngojea Kakakuona Achague

Zamani sana, wanangu, wanyama walipokuwa na nyumba zenye milango na kufuli, Fisi alijenga chumba kimoja kisicho na dirisha. Akapanga masanduku ya wavu, akafungia humo wanyama adimu. Kiingilio kilikuwa mfupa mmoja.

Kindi alitoa mfupa, akaingia. Mbega Mwekundu alikuwa ameukunja mkia, maana sanduku lilikuwa fupi kuliko mkia. Kakakuona alikuwa akitembea, kwaru, kwaru, hatua tatu kwenda, tatu kurudi. Kila alipofika pembeni alijibana, kama anayempisha mtu.

"Mama, unampisha nani?"

"Mume wangu alikuwa akilala pale. Alikufa juzi. Sisi hula mchwa, Fisi hutuletea mifupa. Nami sitafika Ijumaa."

Kindi alimwendea Fisi mlangoni. "Bwana Fisi, Kakakuona ameshakutabiria mwaka?"

"Kunitabiria vipi?"

"Ajabu. Unaye ndani, na mwaka wako huujui! Kwetu huwekwa uwanjani, mbele yake maji, mtama na mkuki. Akigusa maji, mvua. Mtama, shibe. Mkuki, vita."

Fisi alimeza mate. "Na nikiongeza nyama?"

"Ongeza."

"Basi atabirie humu humu."

"Unataka mwaka wenye ukubwa wa chumba hiki?"

Fisi alikitazama chumba. "Sitaki."

"Tena panahitajika mashahidi."

"Si hao ndani?"

"Shahidi aliye sandukuni ni mfungwa. Nani atamwamini?"

Fisi akafungua kufuli zote, ka, ka, ka.

"Ila usimguse wala kumfuata kabla hajachagua," Kindi alisema. "Ukimharakisha, unaharibu mwaka wako."

"Hilo nalijua. Mimi si mshamba."

Uwanjani Kakakuona aliyapita maji, akaupita mtama na mkuki. Nyama hakuitazama.

"Mbona anapita?"

"Anafikiri."

Kakakuona alifika kwenye kichuguu, akachimba, kwaru, kwaru. Ukabaki mkia. Kisha hata mkia haukuonekana. Fisi aligeuka kuwauliza mashahidi. Hapakuwa na shahidi.

"Kindi, amechagua nini?"

"Bado. Ngoja," Kindi alijibu kutoka mtini.

Fisi akaketi kungoja. Chini ya kichuguu Kakakuona alikula mchwa akashiba, kisha akalala upande mmoja, akaacha nafasi.

Hadithi yangu inaishia hapo mlangoni pa shimo, wanangu: tamaa iliyofunga kufuli ndiyo iliyozifungua.