Nyuma ya Jiwe la Kiboko

Hodi, hodi! Ngano iko mlangoni!
— Na ipite! Uongo ukae kitini, ukweli ukae mkekani!
Imekuja na njaa!
— Tutailisha masikio!
Imekuja na uchungu!
— Tumeuzoea!

Haya, kama mmeuzoea, sogeeni. Na wewe unayecheka huko nyuma, cheka sasa, maana baadaye sijui.

Palikuwa na mji wa wanyama ukiitwa Mabondeni. Mji hasa, wenye barabara, soko na kelele. Katikati ya mji palikuwa na uwanja wa majani, jina lake Nyasini. Palikuwa na mkungu wenye kivuli kipana. Palikuwa na pembea za kamba za mwitu. Palikuwa na majani laini, ukianguka unaomba uanguke tena. Na hapakuwa na kiingilio. Mwenye kwato alikaa, mwenye kucha alikaa, mwenye magamba alikaa.

Majani yale hayakujinywesha yenyewe. Kila Ijumaa kila nyumba ilitoa mtungi mmoja wa maji, ikaumwaga pale uwanjani. Tembo mtungi mmoja. Panya mtungi mmoja. Tembo aliubeba huku akipiga soga, Panya aliubiringisha tangu asubuhi mpaka adhuhuri. Ndiyo desturi yao, msiniulize mimi.

Mfagiaji wa Nyasini alikuwa Nguchiro, mjane, mdogo wa umbo, mwembamba wa mkia. Kila asubuhi ufagio wake ulisema: fya, fya, fya. Alikuwa na watoto sita na nyumba ya shimo moja. Katika shimo lile, ukinyoosha mguu umemtia mwenzako kidole jichoni. Kwa hiyo watoto wa Nguchiro waliishi Nyasini, shimoni walikwenda kulala tu.

Basi mji ukataka msimamizi wa Nyasini, wakamchagua Kiboko. Kwa nini Kiboko? Kwa sababu alikuwa mnene. Wenyeji wa Mabondeni waliamini kwamba mnene haibi, maana ameshashiba. Naam, mnacheka. Na nyinyi wa kwenu mlimchagua kwa nini?

Kiboko akakaa kitini, kiti kikalia ng'weee. Akasema, "Mitungi isimwagwe tena ovyo ovyo. Ileteni langoni kwangu, juu kule mlimani. Nitamwagilia mwenyewe, kwa utaratibu."

Wakaileta langoni. Tembo mtungi mmoja. Panya mtungi mmoja, na sasa ni kupanda mlima.

Mwezi wa kwanza majani yakawa ya manjano. Wenyeji wakaenda langoni, "Mheshimiwa, majani yanakauka."

"Subirini," akasema Kiboko. "Mradi uko mbioni."

Mwezi wa pili majani yakawa kahawia. Pembea moja ikakatika, pwaa!

"Mheshimiwa, majani yanakufa."

"Subirini. Mradi uko mbioni."

Mwezi wa tatu hapakuwa na majani. Palikuwa na vumbi. Watoto walicheza humo wakakohoa, wakakohoa wakachoka, wakahamia kucheza barabarani.

Barabarani walipita nyati wakitoka sokoni, gidi gidi gidi. Mtoto wa mwisho wa Nguchiro, jina lake Sikudhani, alikuwa akifukuza panzi. Nyati hakumwona. Nyati hamwoni aliye chini ya goti lake. Nguchiro alimwokota mwanawe kwa mikono miwili, ingawa mkono mmoja ulitosha.

Alipomaliza kuzika alikwenda kwa Kiboko. "Shikamoo, mheshimiwa."

"Marahaba. Pole, nimesikia."

"Naomba jiwe dogo tu, niliweke pale chini ya mkungu alipozoea kucheza. Niandike jina lake."

Kiboko akapumua, foooo. "Mawe ni ya wakubwa, mama. Tukimwekea jiwe kila aliyekanyagwa, sisi tutapita wapi?"

"Ndiyo, mheshimiwa," akasema Nguchiro. Akarudi Nyasini kufagia vumbi. Fya, fya, fya.

Siku moja Kiboko akamwita akamfagilie ua. Nguchiro akaingia ndani ya ule ugo wa miiba ambamo hakuna mwenyeji aliyewahi kuingia. Akaona bwawa. Bwawa pana, la kina, maji yake yametulia tuli. Na katikati ya maji macho mawili na masikio mawili ya Kiboko, hooo, hooo, anakoroma. Nguchiro akayatazama maji yale akayajua. Yalikuwa ya Tembo, yalikuwa ya Panya, na mtungi wake yeye ulikuwamo humo, ule alioupandisha mlimani siku ya tatu ya msiba.

Akamwendea jirani yake Bi Kobe, bibi aliyeishi sana na kuamini kidogo.

"Bibi, maji yetu yako kwa Kiboko. Anayaoga!"

"Najua, mwanangu."

"Tuseme basi!"

"Ukisema watakuuliza ushahidi. Na ushahidi umelaliwa na Kiboko."

Kesho yake Kasuku, mtangazaji wa mji, akaruka juu ya mkungu akatangaza: "Sikilizeni, sikilizeni! Kwa kuwa Nyasini imekufa yenyewe, na kwa kuwa maiti haiachwi wazi, mwezi ukiandama uwanja utazungushiwa miiba na kuunganishwa na makazi ya Mheshimiwa, kwa ajili ya matunzo!"

Wenyeji wakatazamana. Wengine wakasema, "Afadhali, vumbi limezidi." Nguchiro akawakusanya watoto wake akawahesabu. Watano. Akawahesabu tena. Uwanja ukifungwa, barabara ndiyo itakuwa uwanja, na nyati hawajapungua. Hasira ikampanda mpaka meno yakagongana, na mnyama mdogo mwenye hasira hana pa kuipeleka ila kichwani.

Akaipeleka kichwani, ikakaa huko siku mbili, ikatoka na maneno matamu.

"Shikamoo, mheshimiwa."

"Marahaba. Unataka jiwe tena?"

"Ndiyo, mheshimiwa. Lakini jiwe lako."

Kiboko akafungua jicho moja. "Langu?"

"Wenyeji wananong'ona. Wanauliza maji yanakwenda wapi. Sasa ukiweka jiwe kubwa pale ukingoni mwa Nyasini, limeandikwa Mradi wa Maji, Umezinduliwa na Kiboko, nani atauliza tena? Jiwe limesema maji yapo."

Kiboko akafungua jicho la pili. "Maji yabaki huku, jiwe liseme yako kule?"

"Mheshimiwa, jiwe halina koo, litayanywa wapi?"

Kiboko akacheka, hoo hoo hoo, mpaka ruba wakamdondoka shingoni. "Nguchiro, kumbe una akili! Chonga. Na ngoma iwepo."

Hapo lazima niwaeleze desturi ya Mabondeni. Jiwe la uzinduzi hufunikwa kitambaa, na kitambaa hufungwa kamba. Mgeni rasmi huivuta kamba kwa meno yake mwenyewe, mbele ya halaiki, tena huivuta yote, mpaka ncha ya mwisho ionekane. Kamba ikikatizwa njiani ni nuksi, na mgeni rasmi huzomewa mpaka kwake. Kiboko alishavuta kamba za kisima, soko, hata choo cha stendi ya punda. Alipenda kuvuta kamba kuliko kula, naye alipenda kula.

Nguchiro akabingirisha jiwe, Bi Kobe akisukuma kwa gamba, mpaka chini ya mlima, pale ugo wa Kiboko unapokutana na Nyasini. Kila adhuhuri Kiboko alipolala bwawani, Nguchiro na wanawe watano waliingia nyuma ya jiwe wakachimba. Kwaru, kwaru, kwaru. Walichimba kuelekea juu, kuelekea bwawani.

Siku moja Kiboko akashtuka usingizini. "Nani anakwaruza?"

"Ni mimi, mheshimiwa, nachonga jina lako."

"Ah! Chonga, chonga. Liwe kubwa."

Kwaru, kwaru, kwaru. Siku saba, mpaka ukuta wa bwawa ukabaki mwembamba kama ganda la mkate. Hapo Nguchiro akachomeka kigogo katika ule udongo, kikakaa kama kizibo cha mtungi. Akakifunga kamba. Kamba akaiteremsha handakini, akaitoa nje chini ya jiwe, akaifunika majani makavu, akaiunga na kamba ya kitambaa. Zikawa kamba moja. Kisha akachonga jiwe, herufi kubwa kubwa. Alipomaliza upande wa mbele akazunguka nyuma, akachonga kidogo tena, herufi ndogo.

Mwezi ukaandama. Mji mzima ukajaa Nyasini juu ya vumbi. Tembo yupo, Panya yupo, nyati nao wapo. Walikaa juani tangu asubuhi wakimsubiri mgeni rasmi, ambaye nyumba yake walikuwa wakiiona pale juu. Akaja saa nane.

"Mheshimiwa huyoo!" akalia Kasuku. "Pigeni makofi! Tena! Yale hayakuwa makofi!"

Kiboko akahutubia mpaka jua likageuka. Akamalizia, "Wako waliouliza maji yako wapi. Leo, kwa kinywa changu hiki, nawaletea maji Nyasini! Ni maji yenu! Mimi ni mvuta kamba tu!"

Ngoma ikalia. Kiboko akauma kamba, akavuta. Kitambaa kikaanguka, faaa! Jina lake likang'aa. Mji ukashangilia.

Lakini kamba haikuisha.

"Vuta, mheshimiwa," akasema Nguchiro, ufagio mkononi. "Bado ncha."

Kiboko akavuta. Kamba ikakaza, haiji. Wenyeji wakaanza, "Uuu..." Kule kuzomewa kunaanza taratibu hivyo hivyo.

"Ni nzito kwa sababu mradi ni mkubwa, mheshimiwa. Mnyonge asingeiweza."

Kiboko akatia kwato ardhini, akavuta kwa mwili wote. Kule juu kukasikika: pwu! Halafu kimya. Halafu: gugugugu... chubwiii!

Maji yakatoka nyuma ya jiwe kama ng'ombe waliofunguliwa zizini. Yakapita katikati ya miguu ya Kiboko, yakateremka Nyasini, yakaingia kwenye nyufa za ardhi, ardhi ikanywa glu, glu, glu. Panya akaelea. Watoto wakapiga mbizi. Wazee waliosahau kucheka wakacheka.

Kiboko akafungua kinywa kile kipana aseme, "Maji yangu!" Kinywa kikabaki wazi. Akisema ni yake, wataanza kuhesabu mitungi. Na dakika ile ile ametamka mwenyewe kwamba ni yao. Akafunga kinywa, akatabasamu, akapunga mkono. Nyuma yake bwawa likanyonywa mpaka vyura wakabaki wametazamana.

Mngependa niishie hapo, sivyo? Nami ningependa. Lakini ngano hii haikunituma hivyo.

Majani yakaota. Pembea zikafungwa upya. Watoto wa Nguchiro wakarudi kutoka barabarani, wote watano. Hiyo ni kweli, wala mtu asimnyang'anye.

Na mji ukamsifu nani? Kiboko! Wakasema, kiongozi alituletea maji kwa meno yake. Uwanja wakaubadilisha jina, Nyasini ikawa Bustani ya Kiboko. Kiboko hakuizungusha miiba tena, maana angelifungia jina lake mwenyewe. Mitungi ikawa inamwagwa pale jiweni, mbele ya macho ya wote. Lakini wakaona haya kupokea bila kushukuru, wakaongeza mtungi wa pili, wa shukrani, wa kupeleka langoni. Tembo mitungi miwili. Panya mitungi miwili. Nguchiro mitungi miwili, anapanda mlima akihema, na kule juu anasikia bwawa likianza kuitika tena, glu, glu.

Siku moja njiani akamwuliza Bi Kobe, "Bibi, nilimshinda au hakushindwa?"

"Watoto wako wako wapi?"

"Uwanjani."

"Basi beba mtungi wako, mwanangu, usiniulize."

Na kila mwaka, siku ya kumbukumbu, Kiboko huja na shada kubwa la maua, mji mzima nyuma yake. Kasuku hulia, "Kimya!" Kiboko huliweka shada chini ya jiwe. Halafu huinama mbele ya jina lake, huinama sana, mpaka pua inagusa jiwe, na wote huinama pamoja naye. Hata nyati huinama.

Nguchiro peke yake haji mbele. Husimama upande wa pili na ufagio wake, mahali ambapo hakuna anayekwenda, akisoma zile herufi ndogo alizozichonga mwenyewe: Hapa alicheza Sikudhani. Husubiri mkubwa amalize kuinama. Kisha hufagia maua yaliyopukutika. Fya, fya, fya.

Ngano yangu nimeikalisha hapo. Ikiwa tamu, gawaneni. Ikiwa chungu, msinirudishie, nami nilipewa hivyo hivyo.

Na mafunzo yake, maana najua hamlali bila mafunzo: mnene haibi. Mchango wenu pelekeni mapema, wala mtungi usipungue. Wakubwa wakivuta kamba, pigeni makofi. Na mkipita penye jiwe, someni mbele, mwende zenu. Nyuma ya jiwe hakuna kitu.