Mlima Uliosimama Kumsindikiza Mgeni

Hadithi ipo mlangoni!
— Ifungulieni!
Imevaa nini?
— Imevaa ukungu!
Imetoka wapi?
— Juu!
Basi ipisheni ikae. Na wewe mpe mwenzako upande wa blanketi, baridi haichagui.

Zamani za kale, palikuwa na mji wa milimani. Mbele ya mji palikuwa na mashamba ya viazi. Mbele ya viazi palikuwa na kijito. Mbele ya kijito palikuwa na malisho. Na mbele ya malisho ulikaa mlima wenyewe.

Mlima ule ulikuwa na mambo matatu ya kutazama. Ulikuwa na maporomoko ya maji, meupe kama uji unaomiminwa. Ulikuwa na jabali lililolala juu ya bonde jembamba kama daraja, wala hakuna fundi aliyelijenga. Na juu kabisa ulikuwa na ziwa la mviringo, lisilo na mto wa kuingia wala wa kutoka.

Wageni walitoka mbali kuja kutazama. Walitoka pwani, walitoka nyikani, walitoka nchi zisizo na hata kichuguu. Walipanda, wakatazama, wakasema "Aa!", wakashuka, wakaenda zao.

Watu wa mji hawakupanda. Wapande kufanya nini? "Mtu hasafiri kwenda kutazama goti lake," walisema, wakaendelea kupalilia.

Katika mji ule aliishi mama mmoja kijana, jina lake Tusekile. Alikuwa na mtoto wa kunyonya, Lusubilo. Nyumba yake ilikuwa ya kwanza ukitoka mlimani, yeye na jirani yake Mama Ambokile, ukuta kwa ukuta. Wageni waliopita waliomba maji kwa Tusekile, naye aliwapa.

Siku moja akapita mgeni mzee. Akanywa maji, akaisuuza kata, akairudisha kwa mikono miwili.

"Binti," akauliza, "hilo ziwa la huko juu ni mbali?"

"Si mbali, babu."

"Umewahi kufika?"

Tusekile akatazama chini. "Sijafika."

"Sasa nani amekuambia si mbali?"

Mzee hakuuliza kwa ubaya. Aliuliza tu, akashika fimbo yake, akapanda. Lakini Tusekile aliona haya siku ya kwanza, akaona haya siku ya pili, akaona haya siku ya tatu. Siku ya nne akamnyonyesha Lusubilo mpaka akalala mdomo wazi, akampeleka kwa jirani.

"Mama Ambokile, nishikie mtoto. Nakwenda mlimani."

"Kuna msiba?"

"Hakuna."

"Unafuata kuni?"

"Sifuati kuni."

"Unafuata nini basi?"

"Nakwenda kutazama."

Mama Ambokile akamshika paji la uso. Halikuwa na homa. "Haya," akasema, "ila rudi mapema. Huyu wako akilia husikika mpaka kwa jumbe."

Tusekile akavuka viazi, akavuka kijito, akavuka malisho, akafika mlimani. Naye, wanangu, alikuwa amelelewa. Hakujua kuingia pahali pa mtu bila kubisha. Alipofika kwenye maporomoko akasema, "Hodi!" Kimya. Alipofika kwenye jabali akasema, "Hodi!" Kimya. Alipofika ziwani akasema mara ya tatu, maana hodi ni tatu, "Hodi wenyewe!"

"Karibu," mlima ukasema.

Tusekile akashika kifua. Kisha akakumbuka adabu. "Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Miaka yote hii watu wananipanda kichwani. Wewe ndiye wa kwanza kubisha."

"Uwasamehe, hawakujua kama kuna mtu."

"Si kitu. Habari za huko chini?"

"Njema. Za hapa?"

"Njema. Baridi kidogo. Watoto hawajambo?"

"Ninaye mmoja. Hajambo, amelala."

Mlima ukamkaribisha maji, akanywa, yakamuuma meno. Akalitazama ziwa. Lilikuwa la kijani, na wingu lilikuwa likipita ndani yake polepole, kama mtu anayepita asiamshe waliolala. Tusekile alisahau kusema "Aa!" Alikaa tu.

Kisha akasikia kifua kinajaa maziwa. Akajua kule chini Lusubilo anajinyoosha.

"Mwenyeji," akasema, "naomba niage."

"Mbona mapema?"

"Nimeacha mtoto."

"Basi shuka. Nitakusindikiza kuanzia mlangoni."

Tusekile alidhani hayo ni maneno tu ya wema. Akashuka. Alipokanyaga malisho akasikia nyuma yake kitu kama gunia la mahindi linalovutwa sakafuni, lakini gunia lenyewe kubwa kama nchi. Akageuka.

Mlima ulikuwa umesimama.

Ng'ombe wakaacha kutafuna. Ziwa likamwagika kidogo upande mmoja, samaki wakajishikilia. Pimbi waliokuwa wanaota jua majabalini wakaulizana, "Tunakwenda wapi?" "Tunasindikiza," akajibu pimbi mkubwa, wakalala tena.

Wakaenda, Tusekile mbele, mlima nyuma, polepole, kwa adabu. Walipofika katikati ya malisho Tusekile akasema, "Mwenyeji, asante. Umenisindikiza vya kutosha. Rudi, jua kali."

"Jua mimi naliona kabla yenu. Nifike pale kwenye kijito."

Walipofika kwenye kijito akasema, "Mwenyeji, asante. Rudi, miguu itakuuma."

"Nimekaa tangu dunia ni tope. Miguu imechoka kukaa. Nifike pale kwenye viazi."

Walipofika kwenye viazi akasema, "Mwenyeji, asante sana. Rudi, watu wataona nimeheshimiwa mno."

"Waone. Nifike mlangoni kwako."

Sasa mlangoni kwa Tusekile ndipo mlangoni kwa Mama Ambokile, na ndani kwa Mama Ambokile alikuwamo Lusubilo. Na Lusubilo alikuwa ameamka. Tusekile akamsikia. Maziwa yakamlowesha kanga.

Afanye nini? Mgeni hamfukuzi mwenyeji wake. Tena mlima ulikuwa na furaha. Ulikuwa unaimba puani. Nani mwingine aliwahi kuuliza habari zake? Tusekile akaumia pande mbili. Akatafuta njia katika adabu, akaiona moja.

"Basi," akasema, "na mimi nikusindikize wewe."

"Kweli umelelewa!" ukasema mlima.

Wakarudi. Wakapita viazi, wakapita kijito, wakapita malisho. Mlima ukafika pahali pake.

"Haya, kwaheri," akasema Tusekile.

"Kwaheri gani? Mgeni anisindikize mpaka mlangoni, halafu arudi peke yake? Twende."

Wakaenda tena. Malisho, kijito, viazi. Tusekile akageuka: "Nikusindikize." Wakarudi. Viazi, kijito, malisho. "Twende," ukasema mlima. Mara ya tatu hiyo, na viazi havikuwa viazi tena, vilikuwa uji.

Watu wakatoka majumbani.

"Mama Lusubilo! Huyo unayekuja naye ni nani?"

"Ni mlima."

"Tunauona! Uambie urudi!"

"Nimeuambia."

"Uambie kwa ukali!"

"Siwezi. Ni mwenyeji wangu."

Jumbe akaja, amevaa joho la kazi. Akanyoosha fimbo. "Mlima! Kwa amri yangu, simama hapo hapo!"

Mlima ukamwuliza Tusekile, "Huyu nani, mbona hasalimii?"

Watu wote wakamtazama jumbe. Jumbe akashusha fimbo. "Shikamoo," akasema.

"Marahaba," ukajibu mlima, ukasogea hatua moja.

Sasa kivuli kiliingia uani. Kuku wakapanda kulala, wakidhani ni jioni. Hatua moja ilibaki. Tusekile akaita, "Mama Ambokile! Toka na mtoto! Toka!" Hakuna aliyeitika. Na mtoto naye hakusikika tena akilia.

Tumwache hapo kidogo, tumtazame Mama Ambokile.

Mama Ambokile alimpa Lusubilo kidole, akakikataa. Akampa wimbo, akaukataa. Akampa titi lake mwenyewe lililokauka miaka kumi. Lusubilo akalijaribu, akamtazama usoni, akalia zaidi. Mama Ambokile alikuwa na maharage jikoni. Aliyaepua, akamfunga mtoto mgongoni, akatokea mlango wa nyuma. "Kama mama haji kwa mtoto," akasema, "mtoto aende kwa mama." Akashika njia ya mkato ya kwenye korongo, kichwa ameinamisha, anamkinga mtoto jua kwa upande wa kanga yake. Ndiyo maana hakuona kilichokuwa kinapita upande wa pili.

Akatokeza korongoni, akainua kichwa. Mlima haukuwapo.

Palikuwa na uwanja mtupu, mpana, wenye unyevu kama chini ya jiwe la kusagia ukiliinua. Mende wakubwa walikuwa wanakimbia huku na huku. Mama Ambokile hakuwa mtu wa kustaajabu haraka. Alitazama kushoto, akatazama kulia. Nyumba haipo, akawaza, lakini kiwanja hakikosi mwenyewe. Akajaza pumzi.

"Hodi! Hodi! Hodi wenyewe!"

Mlima ulikuwa umeshainua mguu. Chini ya mguu lilikuwa paa la nyasi la Mama Ambokile, na nyasi zilikuwa zimeanza kulala.

"Nani huyo?" ukauliza mlima.

"Mimi Mama Ambokile! Nina mtoto wa kunyonya!"

"Mungu wangu," ukasema mlima. "Mgeni amefika na mimi sipo nyumbani." Ukarudisha mguu. Ukaona haya mpaka majabali yakawa mekundu. "Mwanangu Tusekile, niwie radhi. Nilitaka nikufikishe, lakini mwenye mgeni ndani hatembei."

Ukageuka. Safari hii haukwenda polepole. Mama Ambokile akasogea kando na mtoto, mlima ukakaa kwa haraka, ukakaa upande. Mpaka leo umeegemea kushoto.

Tusekile alikuja nyuma anakimbia, hana kiatu hata kimoja. Alimpokea Lusubilo, akakaa chini, akamnyonyesha. Pimbi walinyamaza. Maporomoko yenyewe yalipunguza kelele.

"Huyu ndiye uliyesema hajambo?" ukauliza mlima kwa sauti ndogo.

"Ndiye."

"Kweli hajambo."

Mtoto aliposhiba, Mama Ambokile akajipangusa mikono. "Haya, tuage twende."

Tusekile akamkanyaga mguu, akamvuta pembeni, akamweleza. Mama Ambokile akasikiliza mpaka mwisho. Akatazama njia ya kwao, akatazama mlima.

"Nenda wewe na mtoto," akasema. "Mimi nitabaki nizungumze naye. Ila watume mwingine. Na maharage yangu uyarudishe jikoni, ukishayarudisha utie chumvi."

Tusekile akaaga. Mlima ukasema, "Nakusindikiza kwa macho tu, nina mgeni." Akafika mjini. Kwanza akarudisha maharage, akatia chumvi. Kisha akawaambia watu.

"Nani ataenda kumpokea Mama Ambokile?"

"Kutazama mlima?" wakasema. "Tangu tuzaliwe tunautazama."

"Kuna maporomoko."

"Tunayasikia."

"Kuna jabali kama daraja."

"Sisi tuna daraja la miti."

"Kuna ziwa."

"Limetukosea nini?"

"Sawa," akasema Tusekile. "Mama Ambokile akimaliza mazungumzo ataaga."

Watu wakafikiri. Walimjua Mama Ambokile. Wakaona wana nafasi mpaka jua lishuke, haizidi hapo. Wakatazamana. Jumbe alitazama alama ya kisigino cha mlima, akapima hatua zilizobaki mpaka uani kwake. Akavua joho, akachukua kigoda, akaenda.

Alirudi kesho yake, baada ya seremala kwenda kumpokea. Alikuwa amelowa kuanzia kichwani. Watu wakamwuliza, "Jumbe, umeona nini?"

"Kuna maji," akasema jumbe.

Akaenda kujikausha. Lakini keshokutwa yake, wala haikuwa zamu yake, alionekana anavuka viazi na kigoda chake.

Tangu hapo watu wa mji ule wanapanda kwa zamu. Mmoja haagi kabla mwenzake hajabisha. Wanapanda wenye nguvu, wanapanda wazee kwa fimbo, wanapanda akina mama na watoto mgongoni. Wakikutana njiani, anayeshuka humwachia anayepanda fimbo yake. Na ukiwauliza ziwa ni mbali, watakwambia: ni mbali, lakini fika.

Fundisho lake ni hili. Ukiingia kwa mtu, bisha. Ukitoka, aga. Na jirani akikushikia mtoto, usimwachie na maharage.

Watu husema milima haikutani. Ni kweli, wanangu, haikutani. Si kwamba haitaki. Kila mmoja una wageni.

Hadithi yangu inaaga.
— Iende salama!
Asiisindikize mtu.