Macho ya Masika Moja

Mwanamke mmoja alikuwa na macho ya masika moja tu. Aliitwa Bi Sikudhani, mkazi wa upande wa Pangani, msukaji wa mikeka tangu usichana wake. Daktari wa macho alimwambia bila kumzungusha: "Mama, hii ni presha ya macho. Haiponi. Masika hii utaona, ya mwakani sikuahidi." Bi Sikudhani alimshukuru, akajitanda kanga yake, akarudi nyumbani.

Alikuwa na mambo matatu aliyotaka kuyafanya kwa macho hayo. Alitaka kusoma kitabu mpaka ukurasa wa mwisho, maana alijifunza kusoma akiwa na miaka arobaini na saba, kwenye darasa la watu wazima kama hili letu, na tangu hapo hakuwahi kumaliza hata kimoja. Alitaka kusuka mkeka wa harusi ya mjukuu wake Salha, iliyopangwa kufanyika mara baada ya mvua kwisha. La tatu ndilo lililokuwa zito. Mama yake Salha, jina lake Kibibi, alikuwa binti pekee wa Bi Sikudhani, na alifariki mtoto hajatimiza hata siku arobaini. Salha sasa alikuwa na miaka ishirini na miwili. Tangu ajue kusema alikuwa akiuliza mama yake alikuwaje, na kwa miaka yote hiyo bibi alimjibu, "Alikuwa mzuri," kisha akainuka kwenda kuchochea moto jikoni.

Si kwamba alisahau. Koo lilikuwa linambana. Lakini uzeeni aligundua kwamba lile lililokataliwa na koo, mkono ulilikubali: akishika kalamu, maneno yalikuja yenyewe. Basi alitaka amwandikie Salha habari za mama yake, daftari zima, kabla hajaolewa. Hapakuwa na mwingine aliyezijua. Macho yakizima kabla ya daftari kujaa, Kibibi angekuwa amezikwa mara ya pili.

Sasa sikilizeni alivyoanza, kwa sababu alianza vibaya. Roho ilikuwa juu. Alikata ukindu wa mkeka mzima kwa mkupuo, akauchambua, akautia rangi wote siku moja, nyekundu, kijani na zambarau, kisha akauloweka wote kwenye mabeseni ili uwe tayari unamsubiri. Msukaji yeyote mchanga angemwambia kuwa ukindu huloweshwa ule wa kusukwa siku hiyo, basi. Yeye alikuwa na miaka arobaini kwenye kazi hiyo, na hofu ilimsahaulisha. Wiki ya pili ukindu ulikuwa umeota kuvu, una madoa meusi na unanuka. Akaubeba kichwani akaenda kuutupa, na wiki mbili za macho yake zikaenda pamoja nao.

Msicheke. Nimezisoma karatasi zenu za msimu huu, ambazo niliwaomba muandike mtakachosoma, mtakachotengeneza kwa mikono na mtakachotunga. Bwana Shekilindi ameandika kwamba mpaka mvua zikatike atakuwa amesoma vitabu kumi na vinne, amechonga viti sita na ametunga riwaya. Mimi simkatazi. Ila huo nao ni ukindu wa mkeka mzima ndani ya beseni moja.

Bi Sikudhani akaanza upya, kidogo kidogo, ukindu wa siku kwa siku. Hapo akaingia kwenye kosa la pili, na hilo ndilo kubwa, kwa kuwa halikuwa na harufu. Kipindi cha mvua, mwanga mzuri ni wa asubuhi, pale mvua inapopumua na jua linaingia barazani saa mbili hivi au tatu. Mwanga huo wote aliupa mkeka. Kwa nini? Kwa sababu mkeka ndio ungeonekana. Kwao, siku ya kutandika chumba cha bibi harusi, wanawake wa pande zote mbili huingia kuutazama mkeka wa bibi mzaa mama, wakaupima kwa rangi zake, na maneno yao hubaki mtaani miaka. Kitabu alikiwekea alasiri. Daftari alilibakizia jioni, wakati herufi zinaanza kuungana. Baada ya siku kumi mkeka ulikuwa umekwenda vizuri sana, na daftari lilikuwa na mistari sita.

Asubuhi ya siku ya kumi na moja lilipita wingu zito, baraza ikawa giza kama jioni. Hakuona haja ya kuinuka. Akaendelea kusuka huku anaitazama njia na kuwaza kama mkwe atakuwa mtu mpole. Wingu liliposogea, akaangalia chini. Alikuwa amesuka ukili, ule utepe unaoshonwa kuwa mkeka, pima nzima, umenyooka, hauna jicho hata moja lililoruka. Rangi tu ndizo zilizokuwa zimepotea mahali pake. Akauweka ukili mapajani akaupitisha tena vidoleni toka mwanzo.

Vidole vilikuwa vinajua. Rangi ndizo zilizohitaji macho, kusuka hakukuhitaji. Alikuwa anayamaliza macho yake ya mwisho kwa kazi ambayo vidole vyake vingeifanya gizani, na ile isiyowezekana gizani ameiwekea giza. Alilia, nimeambiwa, lakini hakulia sana, kwa sababu hata kulia kunachosha macho.

Siku hiyo hiyo alipanga tena. Ukili wa rangi aliokwisha kuusuka akauweka kando. Mkeka utakuwa mweupe, bila rangi hata moja, na utasukwa jioni au wakati wa wingu. Asubuhi ni ya daftari, nusu ukurasa, usizidi. Kabla ya kuandika atasoma ukurasa mmoja wa kitabu, aone wanaojua kuandika wanalianzaje jambo na wanaliachia wapi. Na siku zikipungua, kitakachoachwa ni kitabu, maana kitabu yeyote anaweza kumsomea. Hapa ndipo ninapomheshimu mama huyu kuliko watu wengi wenye vyeti. Kuongeza kazi kwenye orodha ni rahisi, hata mlevi anaweza. Yeye alivua rangi kwenye mkeka wa mjukuu wake, na rangi ndizo zilizompa jina toka Pangani mpaka Mkwaja.

Jirani yake, Mama Jokha, alipita jioni moja akauona ukili. Akasimama. "Bi Sikudhani, mweupe? Mkeka mweupe si wa msibani? Harusini watasemaje?"

Bi Sikudhani hakuinua kichwa. Akasema, "Rangi ataziona kwenye daftari."

Mama Jokha akaenda zake, na kesho yake mtaa mzima ulikuwa unajua kwamba Bi Sikudhani amezeeka vibaya. Ilimchoma. Mtu asikudanganye kwamba mwenye shabaha hachomwi na maneno. Hakwenda kujieleza kwa yeyote, kwa sababu kujieleza nako kungemlia asubuhi yake.

Mvua zikaendelea, na macho yakawa yanafunga kutoka pembeni kuja katikati. Mwishoni alikuwa anaona kama mtu anayechungulia ndani ya bangili, anageuza shingo kuutafuta mwanzo wa mstari, ameweka rula chini yake asipotee. Aliandika kwamba Kibibi aliwaogopa kuku mpaka anavunja ungo, na kwamba akizidi kucheka alipata kwikwi. Aliandika kwamba siku ya kwanza ya shule alirudi amempa mwenzake viatu, na alichapwa, na mama yake mpaka leo anaijutia fimbo ile. Aliandika jinsi Kibibi alivyolia alipojua ana mimba, halafu akaimba kutwa nzima. Ukurasa wa siku yake ya mwisho ulichukua asubuhi tano. Zilikuwepo siku ambazo mkono ulikuwa mwepesi, angeweza kujaza kurasa nne, naye alisimama kwenye nusu, akafunika kalamu, ili kesho akute bado yumo ndani ya habari ile.

Kitabu hakukimaliza. Zilibaki kurasa arobaini na kitu, na ilimuuma.

Siku ya kutandika chumba ilifika. Wanawake wakaingia, wakauona mkeka mweupe, wakatazamana, wengine wakajifanya wanakohoa. Bi Sikudhani alikuwa ameketi kwenye kiti karibu na mlango, nyuso zao haoni, ila ule ukimya aliusikia na akaujua ni wa nini. Salha aliingia mwisho. Bibi akampa daftari mkononi. Msichana akakaa chini, juu ya mkeka, akaanza kusoma kimyakimya, kisha bila kujijua akawa anasoma kwa sauti. Kwenye habari ya kuku akacheka. Alipozidi kucheka akapata kwikwi, na akashindwa kuendelea.

Wale wanawake wakubwa waliomjua Kibibi waliacha walichokuwa wanafanya. Mama Jokha alishika ncha ya kanga yake akatoka nje.

Salha akasogelea kiti. "Bibi, kumbe hata kucheka nimemfuata yeye?"

Koo la Bi Sikudhani likabana, kama siku zote. Akaitikia kwa kichwa, na safari hii hakuinuka kwenda jikoni.

Leo haoni tena. Mkono wake hauwezi kuufuata mstari, na hana habari ya Kibibi ambayo hakuiandika.

Basi chukueni karatasi zenu mzigeuze, na wewe Bwana Shekilindi chukua yako. Katika yote uliyojipangia msimu huu, lipi ambalo usipolifanya wewe hakuna mwingine duniani atakayelifanya, na mbona hilo ndilo umeliwekea jioni?